Paa la mabati si mshahara

Kila anayetetea usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ana sentensi moja mdomoni: mashine haina ndugu. Chifu anaweza kumwandika shemeji yake kwenye orodha ya maskini, mzee wa mtaa anaweza kudai kitu kidogo, lakini kompyuta inaangalia data tu. Nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Ni imani potovu, na wanaoilipia ni wasio na kitu.

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mtu asiye na mshahara hujisajili kwa *147# au akisaidiwa na mhudumu wa afya ya jamii, kisha anaulizwa kuhusu nyumba yake. Paa ni la nini? Ukuta je? Sakafu? Choo, maji, moto wa kupikia? Kwa majibu hayo programu inakadiria kipato chake, na asilimia 2.75 ya makadirio hayo ndiyo mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Sasa njoo Obunga, mtaa wa mabanda jijini Kisumu. Mama anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa kwenda ng'ambo, anaishi chumba cha kupanga. Mabati ni ya mwenye ploti. Sementi ni ya mwenye ploti. Stima imo ndani ya kodi. Kipato chake kimo kwenye karai: mbuta wakiadimika ziwani, mifupa inapanda bei, na wiki hiyo anakaanga kidogo au hakaangi kabisa. Swali la sakafu litaonaje hilo? Aliyechagua maswali ameshachagua nani ataonekana ana uwezo. Huo pia ni upendeleo, na ni mbaya kuliko wa chifu, kwa sababu chifu unamjua kwa jina na unaweza kumshtaki kwa mkubwa wake.

Halafu anadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, hizo ni shilingi 3,600. Enzi za NHIF alikuwa akilipa 500 kila mwezi, mwaka mzima ukawa ghali zaidi, lakini 500 ilipatikana.

Wanasema bila uhakiki wa kielektroniki watu watadanganya. Wapo watakaodanganya. Lakini Agosti 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, aliposimamisha vituo vya afya kwa kudai malipo ya uongo, walionyooshewa kidole ni wenye vituo, si wakaanga samaki. Huko ndiko mashine iende kwa nguvu zote: ithibitishe kwamba mgonjwa aliyelipiwa kitanda alilala kweli.

Na sheria ipo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa Mkenya haki ya kutoamuliwa jambo zito na mtambo peke yake. Basi kila anayepangiwa mchango aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na aweze kuupinga mbele ya binadamu, kwenye zahanati ya karibu. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa simu na mikoba ya kazi mwaka 2023. Wanazijua nyumba hizi mlango kwa mlango. Wasiachwe kuwa wajaza fomu. Mhudumu akiandika kwamba huyu ni mpangaji na biashara imelala, neno lake libadilishe hesabu.