Jiwe la Askari Aliyekufa Kitandani

Watu wengi hudhani kwamba ukumbusho wa askari ni haki ya yule tu aliyeuawa vitani. Mimi siliafiki neno hilo, na yafaa sisi wanafunzi, pamoja na ndugu zetu waliokwisha kuhitimu, tulifikiri vizuri.

Katika mji wa London yako makaburi yaitwayo Brompton, yaliyofunguliwa mwaka 1840. Humo umesimama mnara wa jiwe, ukumbusho wa wazee wa Chelsea. Wazee hao ni nani? Mwaka 1682 Mfalme Charles II wa Uingereza alianzisha nyumba kubwa kwa ajili ya askari waliozeeka au kulemaa katika utumishi wake. Wa kwanza waliingia mwaka 1692, na nyumba hiyo ingali na wenyewe hata leo. Mzee hupewa chumba, chakula, matibabu na koti jekundu, naye huiachia nyumba pensheni yake ya jeshi. Tangu mwaka 1855 mpaka 1893, wazee wa Chelsea zaidi ya 2,600 walizikwa Brompton.

Angalieni basi: watu hao hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa uzee na maradhi, kitandani mwao. Hata hivyo jiwe lipo. Maana yake ni kwamba deni la nchi kwa askari haliishi siku anapovua sare.

Je, kwetu Uganda? Katika Vita Kuu ya Pili watu wapatao 77,000 wa nchi hii waliingia jeshini, na wengine walipigana hata Burma. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huwahesabu waliokufa tangu 3 Septemba 1939 mpaka 31 Desemba 1947. Aliyekufa baada ya siku hiyo hamo. Alirudi kwao, akalima, akazeeka, akazikwa migombani. Hakuwa na Chelsea yake, ingawa mfalme aliyemtumikia alikuwa yuleyule wa Uingereza.

Yuko atakayesema, “Mawe ya nini? Fedha wapewe walio hai.” Asema kweli, na Chelsea yenyewe yamuunga mkono: nyumba ilitangulia, kaburi likafuata, mnara ukaja mwisho. Jiwe la mtu uliyemnyima chakula ni unafiki. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa askari wazee wa Jumuiya ya Madola na wajane wao. Ni jambo jema, lakini lilikuja miaka 73 baada ya vita. Wengi walikwisha kufa, na aliyekufa hafai kitu kwa chakula wala nyumba. Kilichobaki ni jina lake.

Na jina halina gharama kubwa. Likizo ijayo kila mmoja wetu awaulize wazee wa kwao: nani alikwenda vitani, alikwenda wapi, akazikwa wapi? Tuyaandike katika daftari moja la shule. Nanyi mliokwisha kuhitimu, mlio na kazi, mwaweza kutulipia ubao wa kuyaandika majina hayo mahali pa kuonekana. Wanaowakumbuka watu hao wanapungua kila mwaka. Tukingoja, tutakuwa na ubao, lakini hatutakuwa na wa kumwuliza.