Udongo Haushuki Hadhi kwa Mikono Mingi

Mwandishi aliyedai katika toleo lililopita kwamba sanaa ya ufinyanzi hushuka hadhi wananchi wakitia mkono amebisha mlango usio wake. Mwaka 1993, mjini St Helens, Uingereza, familia za wenyeji zilifinyanga takriban sanamu 40,000 za kazi ya msanii Antony Gormley, *Field for the British Isles*. Masharti yalikuwa machache: sanamu ienee mkononi, isimame, iwe na macho mawili. Kila moja ikatoka na sura yake. Msanii mmoja asingeweza kuzibuni zote. Mwaka 1994 Gormley akapewa Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza. Lawama iliyopo ni kwamba tuzo ilibeba jina moja. Basi tudai wafinyanzi watajwe, tusiwafukuze.