Mkaguzi Akae Karibu

Mfuatiliaji wa majaribio ya tiba hamtibu mtu. Huketi na rejista. Hulinganisha fomu iliyotumwa mbali na alichoandika muuguzi kando ya kitanda, huuliza kama ridhaa ilitiwa sahihi kabla ya kipimo au baada yake, husoma joto la jokofu. Wauguzi wengi humwona karani mwenye makuu. Makala hii inamtetea, kwa sharti kwamba aishi pale anapokagua.

Rejista ya kituo cha kutibu kipindupindu cha Uvira, mashariki mwa Kongo, imezaa tafiti zinazosomwa duniani. Mmojawapo, wa mwaka 2015, ulilinganisha wagonjwa waliolazwa tangu 2009 hadi 2014 na maji yaliyosukumwa na shirika la maji, REGIDESO, kila siku. Siku bomba lilipokauka, wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Lakini hao walishukiwa tu kuwa na kipindupindu. Vipimo vya haraka vilipoanza kutumika baadaye, chini ya nusu ya waliopimwa walikutwa na kipindupindu. (Hoja ya maji haianguki kwa hilo, kuhara kuna njia nyingi.) Mkaguzi wa siku mbili angeona fomu na rejista zinakubaliana neno kwa neno, akatia alama bila kuuliza nani alipimwa, akavuka mpaka wa Kavimvira kuwahi ndege Bujumbura.

Utafiti wa chanjo ya kipindupindu ya kumeza iliyotolewa mjini mwaka 2020 unaonyesha ugumu zaidi. Ulikuta dozi moja ikikinga kwa karibu asilimia 53 kati ya mwezi wa 12 na wa 17. Haukuwa jaribio la kugawa watu kwa kura. Ulimlinganisha mgonjwa na wasio wagonjwa wa avenyu yake. Sasa, avenyu ipi? Mto Mulongwe ulifurika Aprili 2020 na watu wakahama. Anayekuja kutibiwa kutoka bonde la Ruzizi hutaja kwa shangazi yake, mtaa wa Kasenga mjini, na muuguzi, ambaye ana foleni mlangoni, huandika Kasenga. Karatasi haitasema lolote. Atakayeshtuka ni mtu anayejua nani anakaa wapi.

Tunajibiwa kwamba mwenyeji atawafichia wenzake. Ni kweli, anaweza. Aliyesoma na muuguzi mkuu, au aliyeoa kwao, ataona haya kuandika kwamba sahihi ya ridhaa ina tarehe ya kubuni. Dawa yake si kumleta mgeni. Mkaguzi asilipwe na hospitali anayoikagua, na ripoti yake ifike kwa kamati ya maadili bila kupitia meza ya mganga mkuu. Wa mji wa Baraka akague Uvira, wa Uvira ashuke Baraka: umbali unatosha kupunguza aibu hiyo, na ziwa Tanganyika ni lile lile, uhamaji ni ule ule. Bukavu tayari wanafundisha afya ya umma. Wafadhili wanaolipia tiketi na hoteli za wakaguzi wa muda wangeweza kulipia somo la ukaguzi pale, na mishahara ya watakaolimaliza.