Tupime Saa Kabla ya Kumpima Mwanafunzi

Mnunuzi mwerevu afikapo sokoni huitazama mizani kwanza, kisha ndipo atoe fedha zake. Akiona mshale haujatulia kwenye sufuri kabla ya sukari kuwekwa, hulalamika papo hapo. La kushangaza ni kwamba sisi walimu, ambao tumekabidhiwa kazi ya kupima akili za watoto wa wenzetu, ni nadra sana kuuliza kama mizani yetu ni sawa.

Nasema hivi kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mimi hufunza saikolojia ya elimu katika chuo cha walimu. Muhula mmoja niliona kwamba wanafunzi wangu wamechoka kukariri nadharia, nikaamua wafanye jaribio kwa mikono yao. Tulikuwa na tarakilishi mbili. Doa jeupe lilitokea kwenye kiwambo, na mwanafunzi alitakiwa kubonyeza kitufe mara tu alionapo. Programu ilihesabu muda uliopita kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Tulipokusanya hesabu, kundi lililotumia tarakilishi ya kwanza lilikuwa limelishinda la pili kwa milisekunde 30 hivi. Si tofauti ndogo, kwani mtu mzima huhitaji takriban robo sekunde tu kuitikia mwangaza. Ikatokea kwamba wengi katika kundi la kwanza walilelewa mjini. Mara maelezo yakaanza kumiminika: watu wa mjini wamezoea simu na michezo ya video, wa mashambani hawana pupa. Nami, kwa aibu yangu, nikakubaliana nao.

Msichana mmoja aliyeketi nyuma ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi mwalimu wake nilipaswa kuliuliza. "Mwalimu, na tukibadilishana mashine, itakuwaje?" Tukabadilishana. Waliokuwa wepesi wakawa wazito, na waliokuwa wazito wakawa wepesi. Zile milisekunde 30 zilikuwa za mashine. Hazikuwa za mtu yeyote.

Kosa la namna hii lina historia ndefu. Mwaka 1796 Nevil Maskelyne, mkuu wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Greenwich, Uingereza, alimfuta kazi msaidizi wake David Kinnebrook. Hatia ya msaidizi huyo ilikuwa kwamba wakati alioandika nyota ilipovuka uzi wa darubini ulitofautiana na ule wa mkubwa wake kwa sehemu nane za kumi za sekunde. Maskelyne aliamua kwamba huo ni uzembe. Baadaye, katika miaka ya 1820, mwanafalaki Friedrich Bessel wa Königsberg aliwalinganisha wanafalaki waliobobea na kugundua kwamba hata wao hawakupatana. Wahenga wetu wangemweleza mapema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini Kinnebrook alikuwa amekwisha kupoteza mkate wake.

Tangu hapo wataalamu walianza kuuchunguza muda wenyewe wa fikira. Mwaka 1868 Franciscus Donders wa Uholanzi alionyesha kwamba kuchagua kati ya mambo mawili huchukua muda mrefu kuliko kuitikia jambo moja tu. Akautoa muda mfupi katika ule mrefu ili apate muda wa kuchagua. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, walitumia saa iliyobuniwa na Matthäus Hipp, iliyopima sehemu za elfu za sekunde. Hawakuiamini saa hiyo hivi hivi. Waliikagua kwa nyundo maalumu ambayo muda wa kuanguka kwake ulijulikana, na saa ikitoa jibu jingine, ilirekebishwa.

Leo kazi ya saa ya Hipp inafanywa na programu za tarakilishi. Mwaka 1997 David Brainard na Denis Pelli walichapisha maelezo ya Psychtoolbox. Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham akaanzisha PsychoPy, ambayo hutolewa bila malipo, na yeyote anaruhusiwa kuichunguza ilivyoundwa. Ipo pia OpenSesame, ya bure vilevile. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Busia au Voi aliye na tarakilishi ya kawaida anaweza kufanya majaribio ambayo zamani yalihitaji maabara ya kigeni. Kisingizio chetu cha ukosefu wa fedha kimepungua nguvu.

Hata hivyo, bure si kibali cha kufumba macho. Kiwambo cha kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde, hivyo kila picha hudumu milisekunde 16.7 hivi. Ukiiamuru tarakilishi ionyeshe neno kwa milisekunde 20 kamili, haiwezi. Italionyesha kwa 16.7 au kwa 33.3. Kibodi nayo haipeleki habari papo hapo kidole kinapobonyeza, na ucheleweshaji wake hutofautiana kati ya kibodi na kibodi. Programu iliyoundwa vyema hungoja kiwambo kianze kuchora upya ndipo ionyeshe neno na kuanza kuhesabu. Lakini haiwezi kuondoa uvivu ulio ndani ya kibodi.

Mwaka 2020 Peirce na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha programu kadhaa za aina hii. Kwenye tarakilishi za maabara, zile bora, zikiwemo PsychoPy na Psychtoolbox, zilibadilikabadilika kwa chini ya milisekunde moja. La kuzingatia ni jinsi walivyojua. Hawakuiuliza programu ijisifu yenyewe, bali walitumia vyombo vingine kupima mwangaza na sauti vilipotokea hasa. Hiyo ndiyo ile nyundo ya Leipzig.

Sisemi tarakilishi zetu kuukuu zitupwe. Mwaka 1935 John Ridley Stroop alionyesha kwamba mtu hukawia kutaja rangi ya wino iwapo neno lenyewe ni jina la rangi nyingine. Hebu mwandikie mwanafunzi neno NYEKUNDU kwa wino wa kijani, umtake ataje wino, nawe utaona ulimi ukisita. Jaribio hili laweza kufanywa kwa mashine duni, kwa sharti moja: kila mwanafunzi afanye sehemu zote mbili, rahisi na ngumu, kwenye mashine ile ile, na arudie mara nyingi. Ikiwa kibodi hukawia kwa kiasi kile kile pande zote mbili, ucheleweshaji huo hujifuta katika kutoa, kama Donders alivyotoa. Hatari huja tunapomlinganisha mtoto wa mashine hii na mtoto wa mashine ile.

Na hatari hiyo imekwisha kubisha mlangoni. Mwaka 2016 tabuleti zilianza kugawiwa shule zetu za msingi, na kila kukicha kuna mtu anayetuletea mtihani wa kufanyiwa kwenye kiwambo. Mtoto akipachikwa jina la "mzito" katika darasa la pili, jina hilo humfuata hadi sekondari. Nani atakayeuliza kama uzito ulikuwa wa tabuleti?

Kwa maoni yangu, vyuo vya walimu havina budi kufanya mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu mwanafunzi aendeshe angalau jaribio moja la muda kabla ya kuhitimu, badala ya kukariri majina ya Donders na Wundt. Pili, kila ripoti itaje mashine, kiwambo na kibodi zilizotumika. Tatu, pasiwe na kulinganisha makundi yaliyotumia mashine tofauti kabla ya kubadilishana. Hayo hayahitaji bajeti ya serikali.

Tena, tusipofanya majaribio wenyewe, tutaendelea kuazima majibu ya wengine. Mtoto wetu husoma neno moja kama "hatukuwapikia", ambalo ndani yake mna sentensi nzima. Humchukua muda gani kulitambua? Waliopima wasomaji wa Kiingereza pekee hawawezi kutujibia.

Yule msichana aliyeketi nyuma sasa ni mwalimu. Sina shaka kwamba mtoto wa darasa lake akichelewa kujibu, ataanza kwa kuikagua saa. Natamani nami ningalianza hivyo.