Mzee Anayeonekana Kila Jumatano

Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuupata ule ujumbe wa matapeli, wa ile hela itume kwenye namba hii. Kijana akiupata anacheka, anaufuta, maisha yanaendelea. Bibi hana ubavu huo. Simu yake ya vitufe ameifunga kwenye pindo la kitenge, na kila ikilia anaipeleka dukani asomewe. Siku hela ikiingia kweli, anamtajia kijana wa duka namba ya siri, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, huku nyuma yake wamesimama watu watatu waliokuja kununua sabuni. Mara nyingi kijana yule ni mwema. Siku asipokuwa mwema hakuna wa kumshtaki, kwa sababu namba aliitaja bibi mwenyewe.

Nimeanza na simu kwa sababu najua ukitaja vikundi vya wazee mbele ya kikao cha bajeti, picha inayowajia watu ni ya soda, fulana na ngoma za tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya wazee kwa azimio la Desemba 1990. Picha hiyo ikishakaa kichwani, hoja imekufa. Nani atoe hela ya madawati ikanunue soda?

Basi swali tuliweke wazi. Je, kata kama Mwakitolyo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, inapaswa kutenga siku, tuseme Jumatano, mahali na mtu wa kuwakutanisha wazee wake kila wiki, wajifunze na wazungumze? Au hiyo ni anasa ya nchi zilizokwisha kumaliza matatizo ya maji na barabara? Mimi nasema inapaswa, na sababu yangu ya kwanza haihusiani na burudani.

Mwakitolyo ni nchi ya Wasukuma wakulima na wafugaji ambayo dhahabu iliigeuza. Pamba na mtama vimelazimika kupisha maduara, mashimo ya wachimbaji, na penye maduara pana makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa, mialo ya kuchenjulia, mamantilie, bodaboda na nyumba za kulala wageni. Watu wanatoka Kahama, Geita, Mara, Tabora na mbali zaidi. Ikisikika rashi ya dhahabu kwingine, wenye nguvu wanafunga virago usiku huohuo. Kinachobaki nyuma mnakijua: babu, bibi, na wajukuu wanne ambao baba yao yuko machimbo mengine na mama yao hajulikani aliko.

Mzee wa kiume, pamoja na hayo yote, bado ana pa kukaa. Zamani palikuwa na shikome, ule moto wa jioni uani ambapo wanaume walikaa na vijana wakasimuliwa ukoo, vita na ng'ombe. Siku hizi shikome imehamia chini ya mti, kwenye ubao wa isolo, na mabishano ya kete yanatosha kumfikisha mtu jioni bila kuhesabu madeni yake. Bibi hana mti wa aina hiyo. Atasimama kisimani, atasimama mashineni, atasalimia watu, lakini si desturi akae chini mchana, mikono mitupu, akizungumza na wenzake. Siku yake yote iko jikoni.

Na jiko la Usukumani lina habari yake. Nchi hii ilifyekwa miti kwa miongo mingi, kwanza kufukuza mbung'o, halafu kupanua mashamba ya pamba, hadi kuni zikawa haba na watu wakapikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe. Moshi wake si wa kawaida. Mwanamke aliyeuinamia miaka hamsini macho yanakuwa mekundu, na katika nchi hii macho mekundu yamewahi kuwa hukumu ya kifo. Simeon Mesaki, msomi aliyelichunguza jambo hili kwa kina, alionyesha hesabu za serikali kwamba kati ya 1970 na 1984 waliuawa watu 3,693 nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu Usukumani. Walioishi Shinyanga miaka ya baadaye hawahitaji kuelezwa maana ya wakata mapanga, wauaji wa kukodiwa, wala kazi ya mganga mwenye ramli chonganishi, ile inayomtaja mtu kuwa mchawi.

Mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha mwaka 2005 utafiti alioufanya Meatu, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Aligundua kwamba miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka maradufu, na mauaji mengine hayakupanda. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi mkono ulitoka ndani ya ukoo. La kushangaza zaidi, miaka ya maradhi ya mlipuko haikuonyesha ongezeko hilo. Kama hofu ya uchawi peke yake ndiyo iliyokuwa inaua, maradhi yangeua bibi wengi kuliko ukame. Njaa ndiyo iliyoamua nani apunguzwe mezani, na uchawi ukapewa kazi ya kutoa sababu.

Kutokana na hayo Miguel alipendekeza pensheni: mzee mwenye hela ya kila mwezi hageuki mzigo. Nakubaliana naye. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwapa wote waliofika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani maskini na nani tajiri. Kenya ikafuata 2018 kwa Inua Jamii, kwa umri huohuo. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, tuna ruzuku ya TASAF kwa kaya zilizobainika kuwa maskini, na pensheni ya wazee wote bado ni wimbo wa kampeni.

Lakini pensheni ikija kesho, itapita wapi? Itapita kwenye ile simu ya vitufe. Hela inayomfikia mtu asiyeweza kuisoma, asiye na rika la kumuuliza, inampa ulinzi nusu tu. Na mimi nina shaka nyingine inayonisumbua zaidi ya hela. Ramli humnasa mtu ambaye hana wa kumsemea. Bibi ambaye majirani walikaa naye Jumatano iliyopita, wakamsikia anasimulia alivyojifungua njiani wakati wa mvua nyingi, wakacheka naye, si rahisi kesho yake kunong'onezana juu yake. Katika mji wa machimbo ambako nusu ya majirani wamefika juzi na hawajui bibi huyu ni mama wa nani, hilo halitokei lenyewe. Lazima litengenezwe.

Wengine wameshalijaribu karibu na hapa. Magu, mkoa wa Mwanza, shirika la MAPERECE pamoja na HelpAge International walifanya kazi hiyo kwa miaka. Walijenga majiko yasiyojaza moshi, wakakarabati nyumba za bibi, wakatumia nyimbo na ngoma kuwaambia watu kwamba jicho jekundu ni ugonjwa wa moshi. Huko Nshamba, Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulioanza 2003 uliwapa hela kidogo za kila mwezi bibi wanaolea yatima, na pembeni ya hela hizo wazee wakajipanga kwenye vikundi vya kusaidiana. Ninachokipenda katika kazi hizi mbili ni kwamba hakuna aliyewaita wazee ili wapigwe picha. Waliitwa kwa sababu ya jiko, nyumba, mjukuu.

Atakayesema wazee wetu hawajazoea kujifunza, huyo amesahau nchi yake. Sensa ya 1967 ilikuta theluthi mbili hivi ya watu wazima hawajui kusoma. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioungwa mkono na UNESCO, uliletwa kwenye mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, kati ya 1968 na 1972. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakafundishwa, na watu karibu milioni 2 wakakaa kwa wiki kumi na mbili kusikiliza redio, kusoma kitabu, kujadiliana, halafu kwenda kuchimba choo. Baada yake ikaja Chakula ni Uhai, 1975. Aliyezaliwa 1950 alikuwa na miaka 23 redio ile ilipowashwa. Ndiye huyo leo anayeitwa mzee asiyefundishika. Ng'ombe hazeeki maini. Huyu alifundishwa akiwa kijana kwamba kikundi ni mahali pa kujifunza, na sisi ndio tuliozima redio.

Kuhusu namna ya kufundisha, Ufaransa walianzisha chuo kikuu cha wazee mjini Toulouse mwaka 1973, wakufunzi wakiwa maprofesa. Waingereza walipoliiga wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Cambridge, walilibadilisha: wazee wafundishane wenyewe, anayejua bustani afundishe bustani. Namna ya Waingereza ndiyo inayofaa Mwakitolyo, kwa sababu haihitaji mshahara wa profesa, na kwa sababu wenye elimu wapo. Mkunga wa jadi aliyestaafu yupo. Aliyekuwa katibu wa chama cha msingi cha pamba yupo, na hesabu za mizani hazijamtoka. Yupo mzee aliyewahi kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mwenye leseni baada ya dhahabu kuonekana shambani kwake, akaja kugundua baadaye alichokubali. Huyo ni mwalimu wa mikataba kuliko wakili. Ningempa yeye Jumatano ya kwanza. Ya pili ningeitoa kwa simu na namba ya siri. Ya tatu kwa jiko.

Sasa fedha. Halmashauri kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Bibi anaweza kujipenyeza kwenye fungu la wanawake, akikubaliwa na wenye nguvu ya kurejesha. Babu hana fungu. Kuna wanaodai wazee waongezwe kwenye mgawanyo huo, na kwa mara ya kwanza katika makala haya niko upande wa wanaokataa. Mkopo una marejesho, na kikundi chenye marejesho hugeuka mahali pa kudaiana. Vikoba tunavyo vya kutosha. Mzee aliyeshindwa kurejesha ataacha kuja, na kumfanya aje ndiyo kazi nzima ya kikundi. Hela ya Jumatano itoke mahali pengine: sehemu ndogo sana ya ushuru unaotokana na dhahabu inayotoka chini ya ardhi ya wazee hawahawa. Kinachotakiwa ni ubao, chaki, chai ya maziwa na nauli ya afisa ustawi wa jamii. Usafi wa duara moja unagharimu zaidi ya hapo.

Hoja za upinzani ninazoziheshimu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mzee wa hapa hana muda. Analima, anachunga, analea. Kweli. Ndiyo maana saa mbili zinatosha, na mjukuu aje naye. Ya pili ni nzito zaidi. Katika nchi yenye historia niliyoisimulia, mkusanyiko wa vikongwe unaweza wenyewe kuzua maneno. Nimewahi kusikia mzaha wa aina hiyo na sikucheka. Kwa hiyo ukifanyika kwa kujificha, au jioni, au wazee peke yao, ni afadhali usifanyike. Ufanyike mchana, peupe, mlango wazi, vijana wakiwamo kama wasaidizi na wanafunzi. Mfano upo Zimbabwe: daktari Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha bibi kusikiliza wenye msongo wa mawazo, wakikaa kwenye mabenchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kijana aliyeingia duarani miezi mitatu bila kuona mawe ana mengi ya kumwambia bibi kwenye benchi. Na bibi aliyemsikiliza kijana kama huyo amepata wa kumsemea.

Kuna mtego mwingine, mdogo lakini wa kweli: mabaraza ya wazee. Mengi yameshikwa na wanaume, wastaafu wa serikali wakiwa mbele, na huitwa waziri akija. Jumatano ikikabidhiwa baraza, mwezi wa tatu itakuwa na mwenyekiti, katibu, mhuri na madai ya posho, na bibi watakuwa wamerudi jikoni. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema, lakini mara ngapi wazee hao walikuwa wanawake? Uongozi ukae kwa zamu, na nusu wawe wanawake tangu siku ya kwanza.

Kwa nini Jumatano? Ijumaa ni ya msikiti, Jumapili ya kanisa, Jumamosi Wasabato wamepumzika, na siku ya gulio hakuna atakayekaa kusikiliza. Mahali nisingetafuta mbali. Wazee tayari wana sababu ya kwenda zahanati, wakiwa na vitambulisho vyao vya matibabu ya bure, na wanangoja kwa saa nyingi nje ya mlango, wakiwa wameketi bega kwa bega bila kuambiana hata majina. Mtu aende hapo na ubao wake, aulize nani anaweza kubonyeza namba ya siri bila kusaidiwa, ahesabu mikono itakayonyooshwa.