Bunduki ya shamba ipimwe kwa mwili wa mwenyewe

MKULIMA anayetaka kumiliki bunduki ya marisau kwa ajili ya kulinda shamba hutumia muda mwingi kufuatilia kibali na fedha nyingi kuinunua. Jambo moja husahaulika: je, bunduki hiyo inamtosha? Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mwenyewe kujua.

Bunduki ya marisau haina alama mbili za kulengea kama raifo. Jicho la mpigaji ndilo alama ya nyuma, na kidoto cha mwisho wa mtutu ndicho alama ya mbele. Mahali jicho linapokaa huamuliwa na kitako: urefu wake, mteremko wake na jinsi kilivyopinda kuelekea pembeni. Kitako kisipolingana na bega, shingo na shavu la mtu, ni sawa na kupima shamba kwa futi iliyopinda.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka jichoni hadi kwenye kidoto ni kama mita 1. Jicho likikaa chini ya mahali pake kwa sentimita 1, marisau yatakuwa yameshuka kwa sentimita 30 hivi yanapofika mita 30. Mnyama hapatwi barabara, bali hupatwa na chembe za pembeni. Nguruwe pori aliyejeruhiwa hivyo hukimbilia vichakani, na kumfuata ni hatari kwa maisha.

Kiwandani, vitako vingi hutengenezwa na urefu wa sentimita 35 hadi 38 kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako. Kipimo hicho ni cha mtu wa wastani, lakini mtu wa wastani haji dukani. Mtu mfupi au mwanamke hukuta kitako kinakwama kwapani anapokiinua. Mrefu naye hujikuta kidole gumba kikimgonga pua bunduki inapopiga teke.

London, mafundi wa bunduki wamekuwa wakimpima mteja kwa bunduki maalumu ya majaribio tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kitako chake kina viungo vinavyorefushwa, kushushwa na kupindwa hadi kimkae mteja, kisha vipimo huandikwa. Kwa muda mrefu huduma hiyo ilionekana ni ya matajiri. Hata hivyo, leo bunduki nyingi za viwandani huuzwa na vipande vyembamba vya kurekebishia mteremko, na zipo raba za kuvisha mwisho wa kitako ili kukirefusha.

Wapo watakaosema wazee waliwinda kwa gobore bila kupimwa na nyama ilifika nyumbani. Ni kweli. Lakini mzee huyo alitumia silaha moja kwa miaka mingi mpaka shingo yake ikajua pa kuinama, tena alimsogelea mnyama aliyesimama. Mnunuzi wa leo hana miaka hiyo, wala hana risasi za kuchezea.

Kinachohitajika si gharama kubwa. Kwanza, kabla ya kulipa, mnunuzi aikague bunduki mara mbili kuhakikisha haina risasi, afumbe macho, aiinue begani, kisha afumbue. Akiona nyuma ya bunduki tu, kitako kimeteremka mno. Akiona mtutu wote kama barabara ya mlima, kimeinuka mno. Pili, kati ya pua na kifundo cha kidole gumba ibaki nafasi ya vidole viwili hivi. Tatu, akiwa na shaka achague kitako kifupi kuliko kirefu, kwa kuwa kuongeza raba ni rahisi kuliko kukata mbao. Kazi ya kukata apewe fundi mwenye kibali.

Wenye mashamba makubwa wanaokabidhi bunduki moja kwa walinzi wawili, mrefu wa mchana na mfupi wa usiku, nao wajiulize. Mmoja wao, pengine wote wawili, analinda kwa silaha isiyomtosha.

Mkulima hakubali kununua kiatu bila kukijaribu, ingawa kiatu kikibana huumiza vidole vyake tu. Bunduki isiyomtosha huweza kumgharimu mazao, risasi na hata uhai. Hivyo basi, wauza silaha waanze kuuliza urefu wa mnunuzi kabla ya kumtajia bei, na mnunuzi asione haya kudai apimwe.