Kisomo cha Watu Wazima na Kipimo Chake

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari; na kina cha bahari hakipimwi ufukoni. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2006 haukukomea kuwauliza watu wazima iwapo wanajua kusoma, uliwapa mtihani. Ilibainika kuwa asilimia 61.5 walikuwa na kiwango cha chini cha kisomo, ilhali asilimia 29.6 pekee ndio waliofikia umilisi uliotarajiwa. Pengo hilo ndilo kiini cha hoja. Aliyehitimu kisomo kisha akakosa gazeti na kitabu kijijini husahau alichojifunza. Kwa hivyo, kipimo cha haki kimrudie mtu yule yule baada ya miaka, kiulize anasoma nini. Wataalamu wa Kiswahili nao wapimwe papo hapo: wamemwandikia nini?